Uzi wa pili unadanganya: namna ninavyolifanya gitaa kavu liseme Kigogo

Mara ya kwanza kupeleka gitaa kwa bibi, kijijini njia ya Mvumi, Dodoma, nilitaka kumfurahisha. Wiki mbili nzima nilikuwa nimeutafuta wimbo wa muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo, aliokuwa akiupiga ujanani, nikaupata wote, sauti kwa sauti. Nikavuta kigoda, nikapiga. Bibi alisikiliza mkono ukiwa shavuni. Nilipomaliza akauliza, "Huo uzi wa pili kutoka chini umeununua wapi?"

"Zote zimetoka pakiti moja, bibi."

"Basi huo mmoja unadanganya."

Nikadhani ni utani. Akaanza kuimba polepole, akinionyesha kwa kidole nilegeze. Nikalegeza kidogo. Bado. Nikalegeza tena. Bado. Mara akapiga paja: hapo! Nilipoupima ule uzi kwa simu, sindano ilikuwa chini ya mstari karibu theluthi ya nusu toni. Kwenye kwaya ningefukuzwa. Tena nilikuja kufukuzwa kweli, lakini hiyo itafuata.

Yote ninayoeleza hapa yametoka kwenye uzi ule. Mimi si msanii wa jukwaa kubwa. Nina duka la fotokopi Nkuhungu, mchana nachapa barua za maombi ya kazi na kutoa nakala za vyeti, usiku nikishafunga nashika gitaa. Mwelekezo huu ni wa mtu mwenye gitaa kavu tayari, lisilo la umeme, anayezijua zile kodi tatu za kwaya, yaani sauti zinazopigwa kwa pamoja, na ambaye amechoka kusikia gitaa lake likifanana na la kila mtu.

Sauti tano, na moja iliyo chini

Waliokulia kwaya wanaijua solfa, kwa hiyo nitatumia solfa. Nyimbo nyingi za Kigogo nilizokua nazo zinatembea juu ya sauti tano: do, re, mi, so, ta. Fa hamna, la hamna, na ti imeshushwa ikawa ta. Ila ta yenyewe si ile ya kinanda.

Uzi ukilia haulii sauti moja. Unatikisika mzima, na papo hapo unatikisika nusu kwa nusu, theluthi kwa theluthi, robo kwa robo, na kuendelea. Ukihesabu vipande hivyo, cha nne kinatoa do, cha tano mi, cha sita so, cha saba ta, cha nane do tena, cha tisa re. Sauti tano za Kigogo ndizo hizo hizo. Gerhard Kubik, mtafiti wa muziki kutoka Austria, aliandika kwamba uimbaji wa Wagogo umejengwa juu ya mfululizo huu. Bibi hajui kama kuna mtu anaitwa Kubik, lakini sikio lake lilifika huko bila kitabu.

Gitaa la kiwandani limeigawa oktava, toka do hadi do ya juu, vipande 12 vilivyo sawa, ili uweze kupiga wimbo wowote kwa ufunguo wowote. Bei ya urahisi huo ni kwamba ta yake imekaa juu kwa senti 31 kuliko ta ya asili, na mi imezidi kwa senti 14. Nusu toni moja ina senti 100, kwa hiyo 31 si kidogo. Hapo ndipo bibi alipousikia uongo.

Namna ya kutyuni

Toka kwenye tyuni ya kawaida. Uzi wa sita, ule mnene, ushushe kutoka E hadi C. Wa tano ushushe kutoka A hadi G. Wa nne kutoka D hadi C. Wa tatu uache ulivyo, ni G. Wa pili ushushe kutoka B hadi B bemoli. Wa kwanza ushushe kutoka E hadi D. Kutoka mnene kwenda mwembamba unapata do, so, do, so, ta, re. Mi haina uzi wake. Utaikuta freti ya nne ya uzi wa nne, na freti ya pili ya uzi wa kwanza.

Hiyo ni tyuni ya mkaribio. Sasa ifanye iwe ya kweli, na simu iweke pembeni.

Gusa uzi wa sita juu ya freti ya 12 bila kuukandamiza, upige, uinue kidole mara moja. Itatoka sauti nyembamba kama filimbi. Uzi wa nne mtupu ulingane na hiyo. Fanya hivyo hivyo kwenye uzi wa tano, freti ya 12, halafu uzi wa tatu mtupu ulingane nayo. Kisha gusa uzi wa tano juu ya freti ya saba: hiyo filimbi ndiyo re, uzi wa kwanza uifuate.

Imebaki ta, na hapa usiwe na haraka. Gusa uzi wa sita kati ya freti ya pili na ya tatu, karibu zaidi na ya tatu. Mahali penyewe ni padogo kama punje ya uwele, utapakosa mara nyingi. Piga karibu na daraja ili filimbi itoke vizuri. Ukiipata utajua, ni sauti ya ajabu kidogo, kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya korongo. Sasa gusa uzi wa pili juu ya freti ya 12, ulinganishe. Zikiwa bado hazijakubaliana utasikia wimbi: wau, wau, wau. Legeza polepole, wimbi litapungua kasi, wau… wau… mpaka litulie. Ukishapajua hapo, legeza zaidi kidogo halafu upande juu taratibu, maana uzi uliosimama kwa kushushwa hautulii, baada ya nyimbo mbili utakuwa umeteleza.

Usipoamini sikio lako, programu ya kutyuni kwenye simu itakuonyesha B bemoli na sindano ikiwa senti 31 chini. Ila fanya kwanza kwa sikio. Nawaambia vijana wanaokuja dukani: simu itakupa namba, wimbi litakufundisha.

Uzi wa sita ukishushwa hadi C hulegea na kugonga freti. Mimi natumia seti ya nyuzi za namba 13, ambazo ni nene zaidi, badala ya 12. Hapa Dodoma sizipati kila siku, naagiza Kariakoo zinakuja na basi, nakwenda kuchukua kifurushi stendi ya Nzuguni. Mgongano kidogo uuache, tutauhitaji.

Gumba na shahada tu

Kwaya ilinifundisha kuchapa nyuzi zote kwa pamoja. Nilichukua miaka kuiacha hiyo tabia. Ilimba, kile chombo cha Kigogo cha vibao vya chuma juu ya ubao, inapigwa kwa magumba mawili, moja likisema na jingine likijibu, na haiwezekani kuchapa. Kwa hiyo kwenye gitaa nimebaki na vidole viwili vya mkono wa kulia: gumba kwa nyuzi tatu nene, shahada kwa tatu nyembamba. Wengine wote nimewapa likizo.

Hili sikulibuni. Mpiga gitaa Mwenda Jean-Bosco wa Katanga alipiga kwa gumba na shahada, na Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alipomrekodi mwaka 1952 Kongo, gitaa moja lile lilitosha kuwafanya wapigaji wa Afrika Mashariki nzima wakae chini wajifunze upya. Ukimsikiliza, sikiliza gumba lake peke yake. Halikimbii, halingoji mtu.

Anza na gumba: uzi wa sita, wa nne, wa tano, wa nne. Rudia hadi uweze kuongea na mtu huku linaendelea. Mimi nilipima kwa kuhesabu chenji ya mteja kichwani.

Kisha uweke muheme. Ile ngoma wanawake wa Kigogo huibana kati ya mapaja na kuipiga kwa viganja, na mikono yao miwili haikubaliani: mmoja unahesabu mbili, mwingine unahesabu tatu, ndani ya muda ule ule. Usijaribu kuhesabu, utachanganyikiwa. Sema kwa mdomo, kama mama anavyomwita binti aliyetoroka kucheza: "Njoo upikee! Njoo upikee!" Vuta "njoo", vuta "kee", "u" na "pi" ziwe fupi. Kwenye "njoo" gumba na shahada vinapiga pamoja. "U" ni ya shahada. "Pi" ni ya gumba. "Kee" ni ya shahada. Ndiyo hiyo, mbili na tatu zimekutana. Piga taratibu sana, uzi wa sita kwa gumba na wa kwanza kwa shahada, hadi mdomo unyamaze mkono uendelee.

Mkono wa kushoto haufanyi kazi kubwa. Nyuzi nene ziache tupu zilie muda wote, sauti itembee kwenye uzi wa kwanza na wa pili. Usitafute kodi. Siku nilipoacha kutafuta kodi, wimbo wenyewe ulinijia.

Mlio wa buibui

Ukiitazama ilimba ya mzee anayejua kazi, utaona matundu madogo kwenye ubao wake, na juu ya tundu pamebandikwa utando wa buibui, ule mweupe mgumu anaofunikia mayai. Ubao ukitikisika, utando unazizima: zzz. Mtu asiyezoea atasema chombo kibovu. Kumbe ilimba isiyozizima ndiyo mbovu.

Hukwe Zawose, mpigaji wa ilimba, mtoto wa Doduma hapa hapa mkoani, ndiye aliyeupeleka mlio huo duniani. Mwalimu Nyerere alimwita Dar es Salaam, baadaye akawa mwalimu pale chuo cha sanaa Bagamoyo, akarekodi na lebo ya Real World ya Uingereza, akafariki mwaka 2003. Nilikuwa naisikia sauti yake redioni utotoni nikiona aibu, nikidhani ni mambo ya kizamani. Namsikiliza sasa nikiwa na gitaa mapajani na bado sijaelewa nusu ya anachofanya.

Gitaa halina matundu hayo, na sikushauri ulitoboe. Fanya hivi. Chukua ile karatasi inayong'aa rangi ya fedha iliyo ndani ya pakiti ya majani ya chai, kata ukanda wenye upana wa kama milimita sita na urefu wa kupita nyuzi zote. Upitishe katikati ya nyuzi kama mtu anayesuka ukili: juu ya uzi wa sita, chini ya wa tano, juu ya wa nne, hivyo hivyo hadi mwisho. Usogeze hadi uwe vidole viwili kutoka kwenye daraja. Piga. Ukiwa karibu mno na daraja husikii kitu. Ukiwa mbali mno sauti inakufa, unasikia tap tap kama mvua juu ya turubai. Mahali pazuri panabadilika kwa kila gitaa, sogeza kwa unene wa kucha, sikiliza, sogeza tena. Mimi nilikaa jioni nzima na ukanda mmoja, wateja wananigongea dirisha.

Nimejaribu pia kibanio cha karatasi, hapo dukani sikosi. Kimoja tu, kwenye uzi wa nne. Kinalia kama kengele iliyopasuka, nakiweka kwa nyimbo za msiba peke yake.

Na upinde wa zeze, kile chombo cha uzi kinachoburuzwa kwa upinde? Nimeujaribu. Mzee mmoja jirani ya bibi, ambaye zeze lake lina uzi wa waya wa breki ya baiskeli uliochambuliwa, aliniazima upinde wake. Daraja la gitaa ni bapa, kwa hiyo upinde unafika uzi wa kwanza na wa sita tu, zilizobaki unazigusa zote au huzigusi. Uzi wa sita ukiburuzwa kwa upinde unaunguruma vizuri, nautumia kufungulia wimbo. Usisahau utomvu, upinde mkavu hauliambii gitaa kitu.

Flashi iliyosahaulika

Kuna siku mgeni mmoja alikuja kuchapa nyaraka, akaondoka akaacha flashi yake. Niliifungua nitafute jina la mwenyewe. Haikuwa na jina, ilikuwa na nyimbo. Gitaa tupu, hakuna anayeimba, dakika saba, dakika kumi. Gumba halingoji mtu. Nilidhani ni mtu wa Kongo ya zamani.

Mwenyewe aliporudi baada ya siku tatu nilimpa flashi yake, nikakiri nimeshanakili. Akacheka, akaniandikia jina kwenye karatasi: John Fahey. Mmarekani, amezaliwa 1939, amekulia Takoma Park, Maryland, amefariki 2001. Kilichonishika si muziki peke yake. Alikuwa akifanya kazi kituo cha mafuta, na mwaka 1959 akajitolea santuri mwenyewe, nakala 100, chini ya jina la lebo yake aliyoiita Takoma. Hakungoja kampuni. Alichukua gumba la wazee weusi wa Mississippi, na hakuishia kuiga santuri zao: mwaka 1964 yeye na wenzake wawili walimtafuta Skip James, mpiga gitaa wa blues, hadi wakamkuta amelazwa hospitali Tunica. Kisha juu ya gumba hilo akaweka mambo yake, pamoja na aliyoyapenda kwa Bartók, mtunzi wa Hungaria.

Moja ya tyuni zake ni C, G, C, G, C, E. Iangalie vizuri. Nyuzi nne za kwanza, kuanzia ule mnene, ni hizi hizi zangu. Zinatofautiana mbili tu za mwisho: kwake ni do na mi, kwangu ni ta na re. Umbali wa Maryland na Mvumi ni nyuzi mbili. Nilipogundua hilo nilifunga duka mapema.

Ninachowasihi wanaokuja kujifunza ni kwamba wasimwige Fahey, wala wasimwige Zawose. Nenda kwa mtu wako anayekujua na kukuambia uongo uko wapi. Mimi nina bibi. Chamwino, wakati wa tamasha la muziki wa Kigogo, utawakuta akina bibi wengi, na hawana haya ya kumkosoa mtu. Salimia kwanza, "Mbukwenyi", usubiri uitikiwe ndipo ufungue begi.

Ukavu

Mvua yetu inaanza Desemba na Aprili inakwisha. Baada ya hapo ni vumbi na upepo, na Agosti ngozi ya midomo inapasuka. Gitaa nalo lina ngozi. Gitaa langu la kwanza la mbao halisi nililipenda mno, nikalitundika ukutani kama picha, na likapasuka ufa wa shibri moja chini ya daraja. Fundi niliyempelekea akalimwagia gundi hadi ndani, likawa zito kama kinu.

Mbao za gitaa zinapenda unyevu wa asilimia 45 hadi 55. Chukua kibweta cha plastiki cha sabuni, kitoboe matundu upande wa juu, weka ndani sifongo iliyoloweshwa na kukamuliwa hadi isidondoke, ukiweke ndani ya begi la gitaa karibu na kichwa, ufunge zipu. Loweka tena kila baada ya siku mbili Julai hadi Oktoba. Ukipitisha kidole pembeni ya mpini ukasikia freti zinakuchoma, umechelewa, ongeza maji. Kama bado hujanunua, nunua gitaa la plaiwudi. Sauti yake ni ndogo lakini halipasuki ovyo, na kwa karatasi ya chai juu yake nani atajua?

Kurekodi

Nilianza kwa kwenda studio. Kijana alinisikiliza, akasema nzuri sana dada, akaweka ngoma za kompyuta juu yake, halafu akanyoosha tyuni ya uzi wa pili kwa mashine. Alidhani amenisaidia. Nililipa, nikaondoka na wimbo usio wangu.

Sasa narekodi mwenyewe kwa simu, saa tisa usiku, wakati bajaji zimelala na kwaya za mikesha zimetulia. Nakaa mbele ya kabati la nguo lililofunguliwa milango, nguo zinameza mwangwi. Simu naiweka kama sentimita 30 kutoka freti ya 12, si mbele ya tundu, maana hapo uzi wa sita unavimba kama tumbo la ng'ombe. Weka hali ya ndegeni, chagua faili za WAV, zisizobana sauti, kama programu yako inaruhusu, rekodi dakika moja ya ukimya kwanza uisikilize. Nje napenda zaidi, ila upepo wa Dodoma hauna adabu. Ukitoka, ivishe simu soksi ya sufu. Mbwa akibweka katikati ya wimbo mzuri, mwache. Nina wimbo mmoja una mbwa na watu wananiuliza nilimpata wapi.

Ukitaka kutoa kazi hadharani, jisajili BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, na kazi yenyewe uiandikishe COSOTA, wanaoshughulikia hakimiliki. Fanya kabla hujaisambaza.

Jumamosi

Nilisema nilifukuzwa kwaya. Nilikuja na ta ya bibi kwenye pambio, mwalimu wa kwaya akasimamisha wimbo, akaniambia nikajifunze kutyuni ndipo nirudi. Nikakaa nje miezi minne. Nikarudi, maana nawapenda, na sasa kila Jumamosi mchana kabla ya mazoezi narudisha gitaa kwenye tyuni yao.

Kurudisha kuna taratibu zake. Toa ukanda wa chai kwanza. Anza na nyuzi nene, ya sita, ya tano, ya nne, kwa sababu shingo inavutwa na hizo zaidi na ukianza na nyembamba utazirudia zote. Nenda nusu toni, pumzika, nusu toni nyingine. Uzi wa kwanza ndio unaopenda kukatika, hasa ukifika E, na hukatikia pale unapopinda kwenye daraja. Paka hapo unga wa penseli kidogo. Na uwe na wa akiba mfukoni mwa begi. Mimi ninazo tatu, mmoja ni wa mwalimu wa kwaya, ambaye wiki iliyopita aliniuliza kwa sauti ndogo ile karatasi ya chai inawekwaje.